Jiwe, Kalamu ya Mafuta na Mfalme: Maisha na Kazi ya Honoré Daumier

Mwenyekiti wa kikao, walimu wetu, wanafunzi wa uchoraji na uchapaji, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumze juu ya mchoraji mmoja wa Ufaransa aliyefanya kazi kwa litografia, yaani uchapaji wa picha kwa jiwe, nami nimemchagua Honoré Daumier, ingawa najua kuwa wapo watakaouliza kwa nini sikumchagua Toulouse-Lautrec, ambaye mabango yake ya rangi yanajulikana zaidi na yanapendeza zaidi ukutani. Sababu yangu ni kwamba Lautrec aliikuta litografia imekwisha kukomaa na akaishughulikia kwa takriban miaka kumi tu, ilhali Daumier alikaa nayo kwa zaidi ya miaka arobaini, akatoa karibu chapa 4,000, na nyingi mno kati ya hizo zilikuwa kazi za gazeti: zilichorwa kwa ujira, kwa haraka, kwa ajili ya karatasi ambayo kesho yake ingefungia jibini sokoni. Watu wengi wanaomwandikia husikitika kwamba kazi hiyo ya gazeti ilimnyima muda wa kupaka rangi turubai. Mimi nadhani wanasikitika mahali pasipostahili, kwa kuwa ukuu wa Daumier umo humo humo ndani ya kazi ya gazeti, na jioni hii nitajaribu kuonyesha ulivyoingia humo.

Daumier alizaliwa Marseille tarehe 26 Februari 1808. Baba yake alikuwa fundi wa vioo, lakini moyo wake ulikuwa kwenye ushairi, na ni ushairi huo uliomtoa Marseille akaenda Paris kutafuta jina. Mke na watoto walimfuata mwaka 1816. Jina hakulipata, na familia iliishi kwa kuhamahama kutoka chumba kimoja cha kupanga hadi kingine. Honoré akaanza kazi angali mvulana, kwanza kama mtoto wa kutumwa katika ofisi ya dalali wa mahakama, kisha katika duka moja la vitabu pale Palais-Royal. Wasimulizi wengi wa maisha yake huzipita kazi hizi mbili kwa sentensi moja, ila mimi naona ofisi ya dalali wa mahakama ilimfundisha mengi kuliko darasa lolote, kwa sababu huko ndiko alikowaona kwa karibu wadaiwa wanaotetemeka, makarani wanaopiga miayo na mawakili wanaopita koridoni na majoho yao yakipepea, watu ambao atawachora tena na tena mpaka uzeeni. Masomo rasmi alipata machache: Alexandre Lenoir, mtaalamu wa makumbusho, alimwelekeza kidogo katika kuchora sanamu za kale, na yeye mwenyewe alikwenda Louvre kila alipopata nafasi. Yapata mwaka 1825 aliingia kwa mchapaji wa litografia aitwaye Zéphirin Belliard, na hapo ndipo alipojifunza ufundi uliomlisha.

Naomba radhi kwa walioujua ufundi huu tangu zamani, maana lazima niueleze kwa wale ambao hawajawahi kugusa jiwe. Litografia ilibuniwa na Alois Senefelder huko Bavaria miaka ya mwisho ya karne ya 18, na msingi wake ni jambo ambalo kila mpishi analijua, yaani mafuta na maji havichanganyiki. Huchukuliwa bamba nene la jiwe la chokaa lililo laini na lenye chembechembe ndogo sana, na mawe bora yalitoka Solnhofen, huko huko Bavaria. Uso wake husuguliwa kwa mchanga na maji mpaka uwe sawa. Mchoraji huchora moja kwa moja juu ya jiwe kwa kalamu iliyotengenezwa kwa nta, sabuni, shahamu na masizi. Mchoro ukikamilika, jiwe hupakwa mchanganyiko wa asidi kidogo na gundi ya mgunga, ambayo Ufaransa ya wakati ule iliipata kwa wingi kutoka Senegali, ili sehemu zilizochorwa zizidi kushika mafuta na sehemu tupu zizidi kushika maji. Kisha mchapaji hulilowesha jiwe kwa sifongo, hupitisha rola ya ngozi yenye wino wa mafuta, na wino huo hunata penye mchoro tu na kukataa kwingineko. Karatasi hulazwa juu yake, mtambo hukandamiza, na chapa hutoka.

Katika maelezo hayo kuna mambo matatu ambayo yanahusu moja kwa moja kazi ya Daumier. La kwanza ni kwamba hakuna fundi mwingine anayesimama kati ya mchoraji na karatasi; katika nakshi ya mbao au ya shaba, mara nyingi mchoro wa msanii ulichongwa upya na mkono wa mtu mwingine, lakini katika litografia kila mtetemeko wa kalamu ya Daumier ndio unaoonekana kwenye gazeti. La pili ni kwamba picha hutoka ikiwa imegeuzwa, kulia kuwa kushoto, kwa hiyo mchoraji analazimika kufikiri kinyume. Daumier aliizoea hali hiyo kiasi kwamba aliweza kuwa na mawe kadhaa nyumbani kwa wakati mmoja, akayafanyia kazi kwa zamu, na mawe hayo yakachukuliwa na kupelekwa kiwandani. La tatu, ambalo ndilo linaloniuma kidogo kila ninapolifikiria, ni kwamba mawe yalikuwa ghali, na baada ya nakala kuchapwa jiwe lilisuguliwa upya ili lichukue mchoro mwingine. Mchoro wa asili ulifutwa. Kilichobaki ni karatasi.

Sasa tuingie katika siasa. Julai 1830 watu wa Paris walimwangusha Mfalme Charles wa Kumi katika siku tatu za mapigano, na Louis-Philippe akapanda kwenye kiti cha enzi akiahidi, katika katiba iliyorekebishwa, kwamba udhibiti wa magazeti hautarudishwa kamwe. Novemba mwaka huo huo Charles Philipon, mchoraji aliyekuwa na akili ya biashara kuliko ya kuchora, alianzisha gazeti la kila wiki, La Caricature, na Desemba 1832 akaongeza la kila siku, Le Charivari, lililoahidi mchoro mpya kila kutokapo. Philipon alikuwa na kipaji cha kuvitambua vipaji, na Daumier, kijana wa miaka 22, alikuwa miongoni mwa aliowachukua. Chapa zilitundikwa pia kwenye dirisha la duka la Aubert, shemeji yake Philipon, katika ujia wa Véro-Dodat, ambapo watu wasio na uwezo wa kununua gazeti walisimama wakatazama bure. Dirisha hilo lilikuwa na hatari kwa serikali kuliko gazeti lenyewe, kwa sababu mtazamaji wake hakuhitaji pesa wala kusoma.

Mwishoni mwa 1831 Daumier alichora chapa aliyoiita Gargantua, jina la jitu mlafi wa hadithi za mwandishi Rabelais. Mfalme Louis-Philippe ameketi, tumbo kubwa, kichwa chembamba juu na kinene chini; ubao mrefu umeegemezwa kuanzia chini hadi kinywani mwake, na watumishi wanaupanda wakiwa na vikapu vya fedha zilizokusanywa kwa maskini waliopanga foleni, kilema akiwemo na mama anayenyonyesha akiwemo. Chini ya kiti, ambacho kwa kweli ni kiti cha choo, zinamwagika hati za vyeo na nishani, nazo zinadakwa na wabunge. Sitaificha fikra yangu: kwa uchoraji peke yake hii si kazi yake bora, mistari yake bado ni mikavu na umbo la mfalme limekaa kama gunia. Lakini hoja yake ilieleweka kwa mtoto wa miaka sita, na ndiyo sababu polisi waliikamata. Februari 1832 mahakama ilimhukumu kifungo cha miezi sita na faini ya faranga 500. Mwanzoni hukumu haikutekelezwa, Daumier akaendelea kuchora bila kupunguza ukali, na mwishoni mwa Agosti mwaka huo wakamjia na kumpeleka gereza la Sainte-Pélagie. Sehemu ya mwisho ya kifungo aliimalizia katika nyumba ya wagonjwa wa akili ya daktari Pinel, akatoka mwanzoni mwa 1833.

Kile kichwa chembamba juu na kinene chini kilikuwa na historia yake. Novemba 1831 Philipon, akijitetea mbele ya mahakama kwa kosa la kumdhalilisha mfalme, alichora vichwa vinne: cha kwanza ni Louis-Philippe halisi, cha pili na cha tatu vinabadilika polepole, cha nne ni tunda la peasi. Akawauliza mahakimu ni kipi kati ya vinne hivyo kilicho kosa, na kama ni cha mwisho, je, watayafunga mapeasi yote ya Ufaransa? Walimfunga yeye. Hata hivyo tunda hilo likaenea kwenye kuta za mji mzima, na Daumier na wenzake wakalitumia miaka mingi.

Katika kipindi hicho hicho Philipon alimpa Daumier kazi ya wabunge na mawaziri. Daumier aliwatazama, akaziweka sura zao kichwani, kisha akazifinyanga kwa udongo usiochomwa, vichwa vidogo vilivyopakwa rangi, ambavyo 36 vimesalia na leo vimo katika Jumba la Makumbusho la Orsay mjini Paris. Vichwa hivyo vilikuwa rejeo lake wakati wa kuchora juu ya jiwe, na ukizitazama chapa zake baada ya hapo unaona mabadiliko: nyama ina uzito, pua ina kivuli, tumbo linakaa juu ya mapaja. Katika Le Ventre législatif ya 1834, yaani Tumbo la Bunge, wameketi wazee zaidi ya thelathini katika safu zilizopinda, wengine wamelala, wengine wananong'ona, na hakuna hata mmoja aliyetiwa pembe au mkia. Daumier alikuwa amegundua kwamba akimchora mtu kwa uaminifu wa kutosha, hana haja ya kumwongezea chochote.

Chapa hiyo ilitolewa katika mfululizo maalumu ambao Philipon aliuanzisha ili wasomaji wachangie kulipa faini za gazeti. Zilitoka chapa kubwa 24, na ya mwisho kati yake ndiyo ambayo ningependa kila mwanafunzi aliyemo humu aijue. Aprili 1834 wafumaji wa hariri wa Lyon waliasi, na ghasia zikafika Paris. Katika mtaa wa Transnonain risasi ilifyatuliwa kutoka nyumba namba 12 dhidi ya askari. Askari wakaingia ndani wakaua watu 12, wengi wao wakiwa katika nguo za kulalia. Daumier aliipa chapa yake jina la mtaa na tarehe tu: Rue Transnonain, le 15 avril 1834.

Hakuna askari ndani ya picha, wala bunduki wala moshi. Kuna chumba cha kulala, kitanda kilichovurugika, kiti kilichoanguka, na mwanamume aliyevaa kanzu ya kulalia na kofia ya usiku, ameteleza kutoka kitandani hadi sakafuni, mgongo umeegemea godoro. Mwanga wote umemwangukia yeye. Inabidi utazame mara ya pili ndipo uone kwamba chini ya mwili wake kuna mtoto mchanga aliyepondwa, kichwa kina damu. Kushoto, kivulini, amelala mwanamke. Kulia kinaonekana kichwa cha mzee, sehemu nyingine ya mwili imekatwa na ukingo wa picha. Mpangilio huo unawaleta watu wa vizazi vitatu katika chumba kimoja bila maneno yoyote ya kuhubiri. Weupe wa kanzu ile ni weupe wa karatasi yenyewe. Daumier hakuweka kitu pale, aliliacha jiwe tupu, na giza lote la chumba amelijenga kwa kukwaruza kalamu tabaka juu ya tabaka. Kwa watu wa litografia huo ni ufundi wa hali ya juu kabisa. Polisi walizisaka nakala wakaziharibu na jiwe likakamatwa, ndiyo maana nakala zilizosalia ni chache na huthaminiwa sana.

Julai 28, 1835, mtu aitwaye Fieschi alimshambulia mfalme kwa mtambo wa mitutu mingi, akawaua watu 18, na serikali ikaipata nafasi iliyokuwa ikiitafuta. Sheria za Septemba mwaka huo ziliagiza kwamba mchoro wowote upate kibali kabla ya kuchapwa. Angalieni vizuri: maandishi hayakuwekewa sharti hilo. Mwandishi aliweza kuandika kwanza akashitakiwa baadaye, lakini mchoraji alizuiwa kabla. Mawaziri walitetea tofauti hiyo kwa hoja kwamba katiba inalinda maoni, ilhali picha huyasemea macho na kwa hiyo ni tendo zaidi kuliko oni. Hoja hiyo ni ya hila, lakini haikuwa ya kijinga, na nadhani ndiyo sifa kubwa kuliko zote iliyowahi kupewa kazi yetu na watu wasioipenda. La Caricature lilifungwa. Le Charivari likaendelea, ila mfalme na mawaziri wakatoweka humo.

Wanahistoria wengine wanauita mwaka huo mwanzo wa kushuka kwa Daumier. Mimi nauona ni mwanzo wa kupanuka kwake. Alipokatazwa kuchora wenye mamlaka, akachora jamii iliyowazaa. Kuanzia 1836 yeye na Philipon walimchukua Robert Macaire, tapeli wa jukwaani aliyeigizwa na Frédérick Lemaître, wakamtembeza katika kila taaluma ya Paris kwa chapa 100 hivi: mara ni mwenye benki, mara wakili, mara daktari, mara muuza hisa. Katika chapa ya kwanza anampendekezea mwenzake Bertrand waanzishe benki yenye mtaji wa mamilioni, na Bertrand anapouliza kuhusu askari polisi, Macaire anamshangaa: tangu lini milionea akakamatwa? Baadaye ukaja mfululizo wa watu wa mahakama, miaka ya 1845 hadi 1848, ambamo wakili mmoja anamfariji mteja wake maskini, mama anayelia na mwanawe pembeni, kwa kumwambia kwamba ni kweli kesi ameishindwa, lakini lazima amefurahi mno kumsikia yeye akitetea. Maelezo ya chini ya picha kwa kawaida yaliandikwa na watu wengine gazetini, na ushauri wangu ni kuyafunika kwa kiganja kwanza. Mara nyingi mabega ya wakili yamekwisha kusema.

Sikuja hapa kumtakasa. Mwaka 1844 alichora mfululizo wa chapa 40 za kuwadhihaki wanawake waandishi, na mmojawapo ni mama anayeandika kwa bidii wakati mtoto wake amezama kichwa chini katika beseni la kuogea. Zimechorwa vizuri sana, nazo ni za dharau tupu. Mtu aliyeweza kuona dhuluma katika joho la jaji hakuiona katika kicheko chake mwenyewe, na wasomaji wa Le Charivari, ambao wengi walikuwa wanaume wa tabaka la kati, walimlipa kwa kicheko hicho.

Mapinduzi ya 1848 yalimwondoa Louis-Philippe na kurudisha uhuru wa kuchora kwa muda mfupi. Daumier alishiriki shindano la kuchora sura ya Jamhuri, mchoro wake wa awali ukawa miongoni mwa 20 zilizochaguliwa, lakini picha kamili hakuikamilisha. Alichokikamilisha ni Ratapoil, wakala wa kubuni wa Louis-Napoléon, rais wa Jamhuri hiyo, mwembamba, masharubu yamechongoka, kofia imebonyea, rungu mkononi, aliyemfinyanga na pia akamtembeza gazetini mwaka 1850 na 1851 akiwahonga na kuwatisha wanavijiji. Desemba 1851 Louis-Napoléon alipindua serikali, na midomo, pamoja na kalamu, ikafungwa tena.

Miaka iliyofuata nitaipitia haraka. Mwaka 1860 Le Charivari lilimwachisha kazi, akabaki bila mshahara wa uhakika hadi liliporudi kumchukua mwishoni mwa 1863. Katika pengo hilo alipaka rangi zaidi na kuchora kwa maji, na picha zake za abiria wa daraja la tatu wa treni ni za miaka hiyo. Nazo zina tabia ya jiwe: vivuli vizito, nyuso zilizochongwa kwa mwanga. Mshairi Baudelaire alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1845 kwamba Paris nzima ina watu wawili tu wanaochora vizuri sawa na mchoraji mashuhuri Delacroix, yaani Ingres na Daumier, ila sifa hiyo haikuleta wanunuzi. Mwaka 1865 alihamia kijiji cha Valmondois, na husimuliwa kwamba rafiki yake Corot, mchoraji, ndiye aliyemwokoa asitolewe nyumbani kwa deni la kodi. Mwaka 1870 alipewa nishani ya Legion ya Heshima akaikataa, bila kelele, tofauti na mchoraji mwenzake Courbet aliyeikataa hadharani mwaka huo huo.

Kisha ikaja vita na Prussia, na mzee huyu wa miaka 62, ambaye macho yake yalikuwa yakififia, akachora baadhi ya chapa zake zenye nguvu kuliko zote. Januari 1871 alichora mwaka mpya katika umbo la mwanamke aliyejifunika shuka, amesimama katikati ya uwanda uliojaa maiti, ameuficha uso wake kwa hofu ya kilichoachwa na mwaka uliopita. Mistari ni michache. Mtu anayeona hafifu hana anasa ya mistari mingi, na hapa udhaifu wa macho na uzoefu wa mkono vimekutana. Mwaka uliofuata aliacha litografia. Maonyesho makubwa ya picha zake za rangi yalifanyika mara moja tu akiwa hai, kwa mfanyabiashara wa picha Durand-Ruel mwaka 1878, mwandishi Victor Hugo akiwa rais wa heshima wa kamati, na mapato hayakufidia gharama. Alifariki Valmondois Februari 1879, na mwaka uliofuata mabaki yake yakahamishiwa makaburi ya Père-Lachaise, karibu na Corot.

Wale mtakaotaka kuendelea, Chuo Kikuu cha Brandeis nchini Marekani kina mkusanyo wa karibu litografia zake zote, nao unaweza kutazamwa kwenye intaneti bila malipo. Msianze na Gargantua kwa sababu tu ndiyo maarufu. Anzeni na watu wa mahakama, kisha rudini kwenye Rue Transnonain, halafu ruka moja kwa moja hadi 1871, na katika kila chapa tazameni mikono kabla ya nyuso. Kwenye meza ile ya nyuma mwalimu ameweka jiwe moja dogo, kalamu ya mafuta na sifongo. Baada ya maswali, atakayetaka anaruhusiwa kujaribu, mradi asiguse uso wa jiwe kwa vidole, kwa sababu mafuta ya ngozi nayo huchapwa.